Piki ya gitaa ya milimita 0.46 inapiga kelele, ya 1.5 inanasa: ninunue ipi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Napiga gitaa la akustika la nyuzi za chuma, na kazi yangu kubwa ni kusindikiza waimbaji. Tangu nianze natumia piki (kile kipande cha kuchapia nyuzi) ya nailoni ya milimita 0.46. Nikijirekodi kwa simu nasikia tka-tka ya piki kuliko kordi zenyewe. Sasa najifunza solo kwenye gitaa la umeme, nikashauriwa nichukue ya milimita 1.5. Nayo inanasa kwenye nyuzi, halafu inazunguka mkononi mpaka najikuta nimeishika upande. Ninunue ya unene gani? Na hizi habari za nailoni, seluloidi na nyinginezo zina ukweli, au ni maneno ya wauzaji tu?

Jibu: Marahaba. Umetoka 0.46 ukatua 1.5, ukaziruka zote za katikati, na zinazokufaa ziko humo humo ulimoruka. Kwa akustika anza na 0.73. Kwa solo anza na 1.0 au 1.14. Zote ziwe za asetali, aina ya plastiki ngumu, nitakueleza kwa nini. Kama unataka piki moja tu ya kazi zote mbili, chukua 0.88 na uvumilie kwamba haitakuwa bora kabisa kwa yoyote kati ya hizo. Lakini kabla hujatoa hela, soma kwanza habari ya mkono, maana sehemu kubwa ya unayolalamikia inaweza kuondoka ukiwa na piki hizo hizo mbili ulizo nazo.

Namba iliyochapwa kwenye piki inataja unene. Uzi haujui unene. Uzi unakutana na ncha, na kinachoamua sauti ni ncha hiyo inanepa kiasi gani kabla haijauachia uzi. Unene unachangia sana hapo, tena kuliko watu wanavyodhani. Ugumu wa kipande cha plastiki haupandi sawasawa na unene wake, unapanda kwa kipeo cha tatu. Ukizidisha unene mara mbili, kutoka 0.50 kwenda 1.0, ugumu unakuwa mara nane. Ndiyo maana hatua ya kutoka 0.60 kwenda 0.73, ambayo kwa macho huioni, mkononi unaihisi mara moja: ni tofauti ya karibu mara mbili. Wewe kutoka 0.46 hadi 1.5 umeongeza ugumu zaidi ya mara thelathini. Mkono uliozoea kusukuma kitu kinachokubali kila unachokifanya umepewa kitu kisichokubali chochote, halafu unajilaumu.

Jambo la pili halijaandikwa kwenye piki yoyote: urefu wa ncha inayotokeza nje ya vidole. Bana rula ya plastiki kwenye ukingo wa meza, nusu yake ikiwa nje, uibonyeze kwenye ncha. Kisha irudishe ndani, zibaki sentimita chache tu nje, ubonyeze kwa nguvu ileile. Rula ni ileile, ila sasa haipindi. Kwa kipande chenye upana sawa, ukipunguza urefu kwa nusu kinapinda mara nane pungufu. Piki imechongoka, kwa hiyo haifuati hesabu hiyo sawasawa, lakini mwelekeo ni huo huo. Mtu anayetoa ncha ya milimita 10 na mwingine anayetoa 4 wanaweza kutumia piki moja na wakabishana usiku kucha kuhusu ulaini wake.

Nianze na hiyo 0.46 yako na kelele zake. Unapochapa kordi, ncha nyembamba inagusa uzi, inarudi nyuma, inaendelea kujikunja huku uzi ukitetemeka dhidi yake, ndipo inachomoka na kujinyoosha kwa kishindo. Kisha inaukuta uzi wa pili, hadithi ileile, mara sita. Ule mlio wa tka ni plastiki yenyewe inayojinyoosha, pamoja na uzi unaoipigapiga kabla ya kuachiwa. Na kwa kuwa ncha inakwepa nguvu, uzi wenyewe unavutwa kidogo tu, kwa hiyo besi inakuwa hafifu. Ukichanganya kelele nyingi na besi kidogo unapata hicho unachokisikia kwenye simu.

Usiichukie hata hivyo. Piki nyembamba ina kipaji kimoja ambacho nene hazina: inasawazisha nguvu. Ukipiga kwa nguvu zaidi, ncha inajikunja zaidi, na sauti haipandi sana. Kwenye rekodi yenye ngoma, besi na kinanda, gitaa la akustika linalotakiwa likae pale juu kama mchakacho wa kayamba, piki ya 0.46 au 0.50 ndiyo mahali pake. Hata gitaa la nyuzi 12 huwa linaipenda, kwa sababu jozi za nyuzi zinapigwa kwa wepesi bila kukwama. Lakini ukiwa wewe na mwimbaji mmoja tu, gitaa lako ndilo besi na ndilo ngoma, na hapo nyembamba inakunyima nusu ya gitaa.

Sasa 1.5. Piki nene haina huruma. Nguvu yote ya mkono inaenda kwenye uzi, kwa hiyo kila kosa la mkono linasikika, na kila tofauti ya nguvu unayoikusudia nayo inasikika, ambayo ndiyo sababu wapiga solo wanaipenda. Inanasa kwako kwa sababu tatu, na zote nadhani unazo. Kwanza, bado unatoa ncha ndefu kama uliyozoea kutoa kwenye 0.46, kwa sababu pale urefu ulikuwa hauna madhara. Ncha nene ikizama milimita 6 chini ya uzi, haina njia ya kutoka isipokuwa kwa kuunyanyua uzi wote. Acha itokeze milimita 3 hadi 5, na iguse uzi kwa ncha ya ncha tu. Pili, unaipiga ikiwa bapa, uso wake sambamba na uzi. Izungushe kidogo, pembe ya digrii 20 au 30 inatosha, ili ukingo wake uteleze juu ya uzi. Tatu, unaibana. Ulaini ambao plastiki haina tena inabidi utoke kwenye vidole vyako: bana kiasi cha piki kutoanguka, uache gumba na kidole cha shahada vinepe kidogo kila mpigo. Mpiga gitaa wa piki nene ambaye mkono wake umekakamaa husikika hata kabla hujamwona.

Fanya marekebisho hayo kwa 1.5 hiyo hiyo kwa siku chache. Ikiacha kunasa, huenda hata huhitaji kununua ya solo. Ikiendelea, shuka 1.14.

Kuhusu majina ya nyembamba, ya kati na nene, yapuuze. Kila mtengenezaji ana yake: anayoiita mmoja ya kati ni 0.70, ya mwingine 0.80, na kwa hesabu ya juu hizo ni piki mbili tofauti. Soma milimita. Kwa mazoea, chini ya 0.60 ni laini, 0.60 hadi 0.80 ni ya kati, 0.80 hadi 1.2 ni ngumu, na kuanzia hapo kwenda juu hazinepi tena kwa maana yoyote ya kawaida, iwe 1.5 au 3. Wapigaji wa jazi ya mtindo wa mpiga gitaa Django Reinhardt huenda hata 3.5, kwa sababu magitaa yao ya akustika lazima yasikike juu ya magitaa mengine bila amplifaya. Ukishapita 1.5 unene haubadilishi tena mnepo, unabadilisha uzito, namna ya kushika, na jinsi ukingo ulivyochongwa.

Malighafi, basi. Zina ukweli, na wauzaji nao wana maneno yao. Nikizipanga kwa uzito wa athari masikioni, mimi naweka umbo la ncha na ukingo mbele, ugumu wa pili, malighafi ya tatu. Na kabla ya zote hizo kuna mahali unapopiga: sogeza mkono sentimita 5 kuelekea kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, utapata badiliko la sauti ambalo hakuna plastiki itakayokupa.

Seluloidi ndiyo ya zamani kuliko plastiki zote za piki. Luigi D'Andrea alianza kukata piki za seluloidi mjini New York mwaka 1922, na namba za maumbo alizotumia, kama 351 kwa ile pembetatu yenye mabega ya mviringo unayoiona kila mahali, zinatumika mpaka leo. Ina sauti ya joto yenye mlio mdogo wa mwanzo, na wengi wanaiona ndiyo sauti ya asili ya gitaa la akustika. Ubaya wake inaisha haraka, ncha inatafunika, na inashika moto kwa kasi ya kutisha, maana imetokana na nitroselulosi. Usiiache karibu na mshumaa.

Nailoni unaijua. Inanepa vizuri, haivunjiki, na inachukua unyevu kutoka kwenye jasho, hivyo inalainika zaidi ikiwa mkononi. Nailoni ya 0.73 mkononi utaiona laini kuliko asetali ya 0.73, ndiyo maana wazoefu wa nailoni hupanda hatua moja ya unene. Ikichakaa, ukingo wake huota vinyweleo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha, na hivyo vinakwaruza nyuzi zilizozungushiwa waya. Iangalie hiyo 0.46 yako kwenye mwanga, huenda sehemu ya kelele zako inatoka hapo. Lakini nailoni ikiwa nene na ndogo inakuwa kitu kingine kabisa: Jazz III ya kampuni ya Dunlop, milimita 1.38, ncha kali, mwili mdogo, imekuwa piki ya wapiga solo wa kila aina kwa miongo mingi.

Asetali ndiyo ninayokushauri uanzie. Ni plastiki ngumu, inateleza yenyewe bila mafuta (hutumika hata kutengenezea meno ya gia), na haibadiliki mkono ukilowa. Inayojulikana zaidi ni Tortex ya Dunlop, iliyotoka mwaka 1981, yenye uso wa ungaunga usioteleza vidoleni. Ina picha ya kobe kwa sababu ilitengenezwa kuchukua nafasi ya gamba la ng'amba (kasa wa baharini), ambalo zamani lilihesabiwa kuwa malighafi bora ya piki mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku miaka ya 1970, ng'amba akiwa anaelekea kwisha. Ukikuta mtu anakuuzia gamba halisi, achana naye. Uzuri mwingine wa Tortex kwa anayetafuta unene wake ni rangi: nyekundu 0.50, chungwa 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.0, zambarau 1.14. Ukipoteza moja gizani jukwaani, unajua cha kuomba.

Ipo pia plastiki ya njano inayopitisha mwanga, Ultex kwa jina la biashara. Ni ngumu kuliko asetali kwa unene uleule, inadumu muda mrefu, na inatoa sauti yenye makali zaidi. Kwenye gitaa la umeme lenye sauti nzito inafungua mambo. Kwenye akustika ya nyuzi mpya za shaba, kwa masikio yangu, inazidi.

Chuma, mawe, mbao na pembe niachie nizipitie haraka. Sauti ya chuma ni kali sana, nacho kinakula nyuzi. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, anatumia sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita, yenye ukingo wa menomeno unaokwaruza uzi, na kwake imekuwa sehemu ya sauti, lakini yeye anaishika kwa ulaini ambao mwanafunzi hana. Mawe ni mazuri kuyatazama. Mbao zinakufa ncha upesi. Felti, kitambaa kinene cha sufu, ni ya ukulele na gitaa la besi, inatoa sauti ya kidole gumba.

Nilisema ukingo unatangulia. Hapa ndipo watu wanapotupa hela zao, wakinunua malighafi mpya kumbe walichohitaji ni ncha nyingine. Uzi unapoachiwa na kitu chembamba chenye kona kali, unaachiwa ukiwa umepinda kwa kona kali pia, na kona hiyo ndiyo chanzo cha sauti za juu. Ukiachiwa na kitu cha mviringo, kona inapungua, na makali yanapungua nayo. Kwa hiyo piki nene yenye ncha butu inasikika nzito na ya mviringo, na piki ileile ukiichonga ncha inakuwa kali. Hii unaijaribu bila kununua chochote: geuza piki yako, upige kwa bega lake, ile kona ya mviringo. Kwa 1.5 yako utasikia inakuwa kama piki nyingine, na kunasa kutapungua. Mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan alikuwa akipiga hivyo kwa piki ya kawaida ya kampuni ya Fender, na hakuna aliyemwambia ameishika kinyume.

Ukiwa na msasa namba 400 na mwingine namba 1000 au zaidi, unaweza kurekebisha ukingo wowote. Weka msasa juu ya meza, inamisha piki kwa pembe ileile unayopigia, uisugue upande mmoja mara chache, ugeuze upande wa pili, umalizie kwa msasa laini kisha kwa kitambaa cha jinzi. Acha pale utakapopitisha ukingo juu ya ukucha usisikie mkwaruzo. Nailoni iliyoota vinyweleo hurudi kuwa mpya kwa dakika chache namna hii.

Kuzunguka mkononi ni tatizo tofauti, na si lazima litokane na unene. Mara nyingi ni uso laini uliong'arishwa ukikutana na jasho, na mkono unaobana sana mpaka unachoka na kulegea ghafla. Tafuta uso wenye chembechembe, au mchoro ulioinuka, au tundu katikati. Kwa kusindikiza muda mrefu chukua umbo kubwa zaidi, hata ile pembetatu ya pande sawa inayoitwa 346: ikizunguka, kona nyingine inakuja na hakuna anayejua. Umbo dogo liache kwa solo, ambako mkono hausafiri mbali. Angalia pia unavyoishika. Piki ikae juu ya ubavu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, gumba lilale juu yake likiwa limenyooka. Ukiibana kwa ncha za vidole viwili kama anayeokota sindano, itazunguka hata ikiwa na gundi.

Ukienda kununua, usichukue mchanganyiko wa kila kitu. Chukua malighafi moja, umbo moja, unene tofauti: 0.60, 0.73, 0.88 na 1.14. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichokusaidia. Weka simu mahali palepale, mita moja mbele ya tundu la gitaa, upige kordi moja ya G polepole, mpigo wa kushuka tu, kwa kila piki, kwanza kwa ulaini kisha kwa nguvu. Sikiliza baadaye bila kujua ni ipi, mtu mwingine akuchezee. Usitafute iliyo nzuri zaidi. Sikiliza kama nyuzi sita zinatoka kama pigo moja au kama mfululizo wa vijipigo, na kama uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, bado unasikika unapopiga kwa ulaini. Kisha piga wimbo mzima unaoujua, pamoja na mwimbaji ikiwezekana, maana piki inayopendeza kwenye kordi moja inaweza kuchosha mkono ukifika ubeti wa tatu.

Kwa solo kipimo ni kingine. Chukua mstari mfupi wa noti nane, mpigo wa kushuka na kupanda kwa zamu, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa polepole kiasi cha kuona aibu. Sikiliza kama noti za kupanda zina nguvu sawa na za kushuka. Zikiwa hafifu, piki inanepa kuliko mkono wako unavyotaka, au ncha ni ndefu mno. Zikiwa sawa lakini zote zinakwaruza kwenye nyuzi nene, punguza pembe. Ukipata unene unaokutosha, hapo ndipo ununue unene huo huo kwa nailoni na kwa seluloidi, ulinganishe, na swali lako la wauzaji utalijibu mwenyewe kwa masikio yako.

Piki ikishatumika, itazame kabla hujaitupa. Ikiwa imelika bega moja tu, ndiyo pembe unayopigia, na hata piki mpya utakayochonga ichonge kwa pembe hiyo. Ikiwa imelika katikati sawasawa, unapiga bapa, rudi kwenye ile habari ya kunasa. Ikiwa imechimbika vijishimo kwenye ukingo, unazamisha ncha sana kwenye nyuzi nene, na hakuna unene utakaoponya hilo.